Nzi wa Nywele za Kusukia kwa Samaki wa Vårby

Nyinyi vijana mnaonisimamisha nje ya kituo cha treni cha Jakobsberg, hapa Stockholm, na simu mkononi, mkanionyesha picha ya fimbo ya kuvulia na kuniuliza kama ndiyo yenyewe, nawapenda sana, lakini mnanichosha. Mchagua jembe si mkulima. Fimbo yoyote isiyovunjika inatosha kuanzia. Yaliyobaki nitawaeleza hapa, maana nimestaafu, muda ninao, na binti yangu Rehema amechoka kunisikiliza. Nikimwambia neno la samaki kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiswidi, "Ja, mamma, jag vet," kwamba anajua. Hajui.

Tuanze na nzi mwenyewe, ili asiyejua asipotee. Nzi ninayemsema hana uhai. Ni ndoano iliyofungiwa nyuzi, manyoya au nywele mpaka ikafanana na kitu ambacho samaki angependa kukila, kama mdudu aliyeanguka majini au kisamaki kidogo. Hana uzito wowote, kwa hiyo humrushi yeye. Unachorusha ni kamba, ambayo ni nene na nzito kidogo, naye nzi anafuata nyuma. Mkilielewa hilo mmeshaelewa nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kukubali kunasa kwenye miti.

Watu wakisikia uvuvi wa nzi hufikiria mito ya kaskazini, samaki wa lax, yaani samoni, na mtu mwenye gari kubwa na likizo ndefu. Mimi nilifundisha watu wasio na gari. Samaki wangu ni wale wa karibu na stesheni, ambao baadhi ya Wasweden huwaita skräpfisk, samaki takataka. Yupo sarv mwenye mapezi mekundu, yupo braxen mpana kama sinia, yupo abborre mwenye miiba mgongoni kama perege, na yupo gädda, mrefu mwenye meno, ambaye hana utani na mtu. Hao wote wanakusubiri ukishuka treni, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba ni takataka.

Msidhani nilizaliwa majini. Mimi ni mtoto wa Kondoa. Kwetu samaki tulimjua akiwa mkavu, ndani ya gunia, sokoni. Nilikuja Stockholm kwa mafunzo ya ufumaji, nikaolewa, nikabaki, na kazi iliyonipokea ilikuwa kusuka nywele katika saluni ndogo ya mtaa wa Tensta. Nilikuwa msusi hodari, waulizeni mama zenu. Lakini dawa za kunyooshea nywele zilinikaa kifuani. Nilikohoa usiku, nikakohoa mchana juu ya vichwa vya wateja, hadi daktari akaniambia nitafute kazi nyingine. Alilisema kirahisi, kama anayekuambia ubadilishe soksi.

Basi siku moja akaingia mzee wa Kisweden mwenye kipara kinachong'aa, akaomba nywele ndefu za bandia, nyeupe na za kijani. Kisha dada mmoja aliyekuwa kitini akauliza kwa Kiswahili, "Sasa huyu zitashikia wapi?" Tulicheka mpaka mzee mwenyewe akacheka bila kujua anachekea nini.

Jina lake lilikuwa Rune. Alikuwa na duka la vifaa vya uvuvi, na alikuwa amegundua kwamba nywele zetu za kusukia zinafaa kwa nzi wa gädda, kwa sababu ni ndefu, hazishiki maji mengi, na zikivutwa majini zinacheza. Akatoa nzi mmoja mfukoni anionyeshe. Masikini, alikuwa amefungwa ovyo, nywele zimeelekea upande mmoja. Vidole vyangu haviwezi kuona nywele zimekaa vibaya vikatulia. Nikamfungua, nikazipanga, nikamfunga upya kwa uzi wa saluni huku mteja wangu akinuna. Rune alimgeuzageuza yule nzi, akanitazama, akasema, "Du kan börja på måndag." Nianze Jumatatu.

Ila ilikuwa kazi ya majaribio, hadi sikukuu ya katikati ya kiangazi. Baada ya hapo ndipo angeamua kunibakiza au kuniaga. Nami nilijua kinachonisubiri nikiagwa. Ni kile kiti changu cha Tensta, zile dawa, na kile kikohozi. Niliitaka kazi ile kwa moyo wangu wote, na sikumwambia mtu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kisusi kabisa, Msweden asingeweza kulifanya hata angelipwa. Rune aliniachia mafungu ya nywele nimfungie nzi wa gädda wa kuuza. Nikakaa, nikazichana, nikazipaka mafuta zisisokotane kama ninavyofanya kila kichwa, nikasuka shina likakaza, ncha nikazichovya kwenye maji ya moto zitulie. Nzi wakapendeza, ungewapeleka harusini. Rune akajaza maji kwenye karo la nyuma ya duka, akamtumbukiza mmoja. Akaelea. Akamsukuma kwa kidole, akazama, akaibuka tena. Mafuta yalikuwa yanafanya kazi yake. Alipomvuta, nywele zilisimama wima kama ufagio.

Rune hakunigombeza. Alileta sabuni ya vyombo, akakunja mikono ya shati, tukawaosha wote pamoja, mmoja mmoja, duka likanukia limau. Pale ndipo aliponipa somo ambalo nawapa nanyi. Mteja wa saluni anataka nywele zijae na zikaze. Gädda anataka ziwe chache na zilegee, maji yapite katikati. Chukua nusu ya nywele unazotaka kutumia, halafu toa nusu ya hizo. Nzi akionekana mnyonge mkononi, majini atakuwa mzima. Na mkononi usipake kitu chochote, hata losheni.

Kurusha nilijifunza kwenye nyasi kati ya maghorofa ya Tensta. Nanyi mfanye hivyohivyo. Fungeni kipande cha sufu mwisho wa kamba badala ya ndoano, mtu asije akatobolewa sikio. Nyanyua fimbo mpaka mkono ufike usawa wa sikio, kama anayepokea simu, halafu usimame hapo. Usimame kweli. Kamba inaruka nyuma yako, inahitaji muda wa kunyooka, na anayeanza huwa hana subira ya kuingoja. Ikishanyooka ndipo unasukuma mbele. Mkisikia mlio kama wa kiboko, mmeharakisha. Mama mmoja alifungua dirisha akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia navua. Akatazama nyasi, akafunga dirisha taratibu.

Nyuma yangu palikuwa na watoto, baiskeli na mazulia yaliyoanikwa, kwa hiyo nilijifunza mapema ule mrusho usiohitaji nafasi nyuma. Unavuta fimbo polepole mpaka kamba ining'inie kando ya bega lako, halafu unapiga mbele kama anayepigilia msumari ukutani. Kamba inajiviringisha juu ya maji na kujinyoosha. Rune aliuita mrusho wa wavivu. Mimi nauita mrusho wa watu wenye majirani.

Majira ya kuchipua yalipofika nilimwambia Rune kwamba nataka kufundisha watu wangu. Wanakaa Tensta na Vårby gård, wana maji ya ziwa la Mälaren mlangoni, na kwa fimbo ya mkono pale huhitaji kibali, tofauti na vile viziwa vidogo ambavyo lazima usome kwanza ubao wa ukingoni na ununue kadi. Rune alikuna kipara. Yeye moyo wake ulikuwa kwenye lax wa kaskazini. "Nani atataka kujifunza kuvua skräpfisk nyuma ya stesheni?" aliuliza. Hakuwa na dharau, alikuwa hajui tu. Nikamwambia anipe Jumamosi moja. Akafikiri, akasema duka linahitaji mtu wa kufundisha kuliko linavyohitaji mfungaji wa pili. Nzi waliokwisha kufungwa wanaweza kuagizwa kutoka mbali. Kozi ikipata watu, nami nabaki. Isipopata, tutaagana vizuri siku ya sikukuu.

Nikaalika watu wachache. Hapo mnanicheka tayari, kwa sababu mnawajua wazee wenu. Kwetu mtu haalikwi peke yake. Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu anayekaa Vårby gård, alikuja na dada zake, wakwe zake na sufuria. Otieno, Mkenya aliyekuwa dereva wa basi la Tensta kwenda Spånga, alikuja na watu wa kanisa lake. Kulikuwa na chupa za chai, mikeka, na bibi mmoja ambaye sikujua ni wa nani. Rune alikuwa ametegemea watu wachache na fimbo chache. Alisimama na buti zake ndefu za mpira akiutazama ule umati ukiteremka kutoka stesheni kama unapokea bibi harusi.

Penye wengi pana mengi. Wote walikwenda moja kwa moja hadi ukingoni, wakajipanga, wakainama kutazama samaki wako wapi. Samaki walikuwa wameshahamia upande wa pili. Rune akaninong'oneza niwanyamazishe. Nikamwambia, Rune, hawa hawanyamazishiki, na si sauti inayowafukuza samaki. Maneno yanabaki juu hewani. Ni vishindo vya miguu ardhini na kivuli kinachoangukia maji. Nikawaambia kwa Kiswahili, semeni mnavyotaka, chekeni mnavyotaka, lakini kaeni chini. Anayevua, akae. Anayetazama, akae. Anayetaka kuhama, ahame kwa kuinama kama anayepita mbele ya wakwe.

"Mama yangu, na hii suruali?" akasema Otieno. Akakaa.

Mama Furaha akageuza sufuria yake, akaikalia, akavuta fimbo kwapani. Ndoano zote nilikuwa nimezibana kijino kwa koleo, kile kijino kinachoizuia ndoano kuchomoka, ili ikimwingia mtu itoke bila kelele. Nilimfundisha mrusho wa msumari, kwa sababu nyuma yake walikaa wakwe. Alipoushika, nikamweleza kwamba samaki mdogo tunamrudisha majini, na kwamba mkono uloweshwe kwanza kabla ya kumshika, usimtoe utelezi wake.

"Unamukamata, unamuachilia," alisema. "Alors tulikuya kufanya nini huku?"

Nikamwambia abakize wa kula, awaachie wa kukua. Akaona ni haki.

Ningependa kuwaambia kwamba siku ile walivua. Upepo ulianza, kisha mvua, ile nyembamba ya Stockholm isiyo na mwisho. Nzi wangu walininasia kwenye matete, kwenye miti, mmoja kwenye kofia ya mchungaji. Samaki aliyeshika alikuwa mmoja tu, sarv wa kiganja, kwenye fimbo ya Mama Furaha, naye alijichomoa ukingoni na kwenda zake. Mama Furaha alibaki ameshika fimbo, maji yakimtiririka usoni, akiangalia pale samaki alipopotelea. Watu wakakunja mikeka. Bibi asiye na mwenyewe aliniombea dua.

Rune aliwaachia fimbo wakafanyie mazoezi nyumbani. Kwenye treni akaniambia bila ukali, "Wakirudi Jumamosi ijayo wenyewe, kozi ipo na wewe upo. Lakini usiwapigie simu. Nataka kuona kama wanaipenda au wanakupenda wewe."

Wanangu, wiki ile ilikuwa ndefu. Simu niliiweka mezani nikiitazama, na hakuna aliyepiga. Mtu yeyote anayewajua watu wetu anajua kwamba kitu wakikipenda, simu haipoi. Siku ya katikati ya wiki nikapanda basi la Otieno makusudi, nikakaa kiti cha mbele. Aliniuliza habari za nyumbani, habari za Rehema, habari za Kondoa ambako hajawahi kufika. Samaki hakumtaja. Nilishuka Spånga nikiwa nimekata tamaa, na ile njia yote ya kurudi kifua kilinibana kama kwamba nimeshafungua chupa ya dawa. Nikaanza kupanga jinsi ya kumwambia mwenye saluni kwamba narudi.

Jumamosi ikafika, jua limetoka mapema sana kama lijuavyo kutoka hapa mwezi wa sita. Mimi na Rune tuliteremka kutoka stesheni ya Vårby gård. Barabara kuu ilikuwa inavuma kwa mbali. Tulifika ukingoni saa ileile ya Jumamosi iliyopita, na hapakuwa na mtu. Hakuna mkeka, hakuna chupa ya chai. Matete tu, yungiyungi zimefumba, na bata wawili.

Tukasubiri. Rune aliangalia saa yake, akajifanya haangalii, kisha akaangalia tena. "Na fimbo zangu?" aliuliza kwa upole. Nilikuwa nimesimama pale nimeshika mfuko wa nzi niliowafunga usiku kucha, wadogo wa rangi ya kahawia kwa ajili ya sarv, nywele chache, zimelegea, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikapiga hatua mbili hadi kwenye maji nisimwonyeshe uso wangu.

"Ikala chini, dada," sauti ikasema kutoka kwenye matete. Kwao Bukavu kuikala ndiko kukaa. "Na uyo muzee aikale. Munafukuza samaki."

Niligeuka. Ndani ya matete, palepale karibu nasi, alikuwepo Mama Furaha juu ya sufuria yake, fimbo mkononi, hata hakunitazama. Mbele yake alikuwepo dada yake. Mbele ya dada yake alikuwepo Otieno na sare ya kazi, amekalia mfuko wa plastiki, na baada yake wengine, na wengine, ukingo mzima hadi kwenye kona, wote wameinama chini ya usawa wa matete. Watu ambao hawajawahi kunyamaza hata msibani, samaki walikuwa wamewanyamazisha. Ndani ya ndoo ya Otieno kitu kizito kiligonga plastiki.

"Tuko hapa tangu jua litoke," Otieno alinong'ona. "Tulikuwa tumekubaliana hakuna kukuambia mpaka tushike. Juzi kwa basi karibu niseme. Aki huyu samaki amenimaliza usingizi wiki mzima."

Kwenye yungiyungi maji yakafunguka kidogo, kama mtu aliyevuta pumzi. Mama Furaha akapigilia msumari wake, kamba ikajiviringisha, ikajinyoosha, nzi akatua. Kisha fimbo ikapinda. Hakuharakisha, alinyanyua taratibu kama nilivyomfundisha, na sarv akaja, wa dhahabu, mpana, mapezi mekundu yakipiga maji. Akalowesha mkono kwanza. Akamshika, akamtazama machoni kwa muda, akamwachia mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Rune alikuwa ameshakaa. Alikaa kwenye tope na suruali yake nzuri, mikono imemlegea magotini, akitazama pale sarv alipozama. Baadaye akaniambia bila kugeuka, "Jumatatu uje mapema. Tutahitaji fimbo zaidi."

Mimi nilibaki nimesimama, machozi yananitiririka na siyazuii, mfuko wa nzi nimeukumbatia kifuani, furaha imenijaa hata sijui niielekeze wapi. Nikasikia Mama Furaha akirusha tena, na sauti yake ya chini, ya mtu aliye kazini.

"Lia tu, dada," alisema. "Lakini lia umeikala."